Sura ya Saba: Shahidi wa Genge

Kikundi cha kusoma kikifikia zamu ya mtu anayependa pikipiki, ubishi huanza kabla kitabu hakijafunguliwa. Mmoja atasema wahuni hawasomwi, wanafungwa. Mwingine, aliyetazama misimu yote saba ya tamthilia ya “Sons of Anarchy”, atataka kitabu chochote chenye moshi na damu. Wa tatu atauliza kina kurasa ngapi. Kila mmoja ana lake, ila hakuna linalomsaidia mwenye zamu kuchagua. Swali la kumsaidia ni jingine kabisa: mwandishi aliwafikiaje watu hawa, na alilipa nini ili wamwache akae nao?

Magenge ya pikipiki ya Marekani na Kanada hayaingiliki hivi hivi. Klabu ina matawi, na kila tawi lina rais, katibu na mweka hazina. Mgeni huanza kama rafiki, kisha huwa mwanagenzi wa kutumwa bia na kulinda pikipiki za wakubwa usiku, na mwisho hupigiwa kura. Akipita, hukabidhiwa nembo ya kushona mgongoni mwa kizibao: jina la klabu juu, picha katikati, eneo chini. Kile kitambaa cha chini kimeua watu. Miaka ya 1970 klabu ya Mongols ilipothubutu kuvaa neno “California” mgongoni, Hells Angels waliona wamenyang’anywa jimbo zima, na vita vikawaka. Kwa hiyo kila aliyeandika kuhusu watu hawa ilimbidi atafute mlango wake: uandishi wa habari, kitambulisho cha polisi kilichofichwa, chuo kikuu, kamera, au uanachama wenyewe. Mlango alioingilia humwonyesha baadhi ya vyumba na kumficha vingine, na mwandishi mwenyewe si rahisi akuambie vipi hakuviona.

Mwenye zamu aanzie Hollister, mji mdogo wa mashambani huko California. Wikiendi ya Julai 4, 1947, waendesha pikipiki wapatao 4,000 walifurika mjini humo kwa mashindano ya chama chao cha kitaifa, AMA. Walilewa, wakashindana mbio katikati ya mji, baadhi wakalala mahabusu. Hakuna aliyekufa. Siku chache baadaye, katika toleo la Julai 21, jarida la “Life” likachapa picha moja: mwanamume mnene amekaa juu ya Harley-Davidson, chupa ya bia kila mkono, na chupa tupu zimetapakaa chini ya magurudumu. Aliyeipiga ni Barney Peterson wa gazeti la “San Francisco Chronicle”. Mkazi mmoja wa Hollister alisimulia baadaye kwamba aliwaona watu wakizipanga zile chupa kabla picha haijapigwa.

Kuanzia hapo hadithi ikawa inajizaa yenyewe. Mwaka 1951 Frank Rooney alichapisha katika jarida la “Harper’s” hadithi fupi iliyotokana na vurugu za Hollister. Mwaka 1953 hadithi hiyo ikawa filamu, “The Wild One”, Marlon Brando akiongoza genge moja na Lee Marvin akiongoza la mahasimu. Uingereza iliizuia mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960. Halafu wahuni wa kweli wakaenda sinema kujifunza uhuni. Frank Sadilek, aliyekuwa rais wa tawi la Hells Angels la San Francisco, alifunga safari hadi Hollywood akanunua ile fulana ya milia aliyoivaa Marvin, akawa anatambia nayo. Hata alama ya “1%” ambayo magenge haya hushona kifuani ina asili ya namna hiyo. Inasemekana ilitokana na AMA kutamka kwamba asilimia 99 ya waendesha pikipiki ni raia wema. AMA yenyewe inasema haina kumbukumbu yoyote ya kauli hiyo. Matusi ambayo huenda hayakutukanwa, nao wakayavaa kama nishani!

Ndiyo maana vitabu vya fani hii havisomwi kama vitabu vya historia ya bandari au ya reli. Wanaoandikwa humo wanasoma wanachoandikiwa, kisha wanabadilika kukifuata.

Hunter S. Thompson aliliona hilo mapema. Mwaka 1965 alikuwa mwandishi wa kujitegemea mjini San Francisco, mfuko mtupu. Mwaka huohuo Mwanasheria Mkuu wa California, Thomas Lynch, alitoa ripoti kuhusu magenge ya pikipiki, na magazeti makubwa ya nchi yakaimeza nzima bila kutafuna. Carey McWilliams, mhariri wa “The Nation”, akamwomba Thompson aandike makala kwa dola 100. Thompson akafanya jambo ambalo wenzake hawakulifanya: aliwatafuta Hells Angels, akanywa nao, akawasikiliza. Makala ilitoka Mei 17, 1965, wachapishaji wakamjia na mikataba. Alizunguka nao kwa karibu mwaka mzima, na mwaka 1967 kampuni ya Random House ikatoa kitabu chake, “Hell’s Angels”.

Nusu ya moto wa kitabu hicho ni hasira dhidi ya wanahabari wenzake. Anaichukua ripoti ya Lynch na kuipekua tukio kwa tukio, akionyesha jinsi karatasi ya polisi ilivyogeuzwa na waandishi waliokaa ofisini New York kuwa hofu ya taifa zima. Tukio analolishikilia zaidi ni la Monterey, Septemba 1964, ambapo Angels wanne walikamatwa kwa tuhuma za kuwabaka wasichana wawili wa miaka 14 na 15. Mashtaka yalifutwa. Magazeti yalikwisha kupata yaliyoyataka, na Angels nao wakapata umaarufu ambao wasingeweza kuununua.

Hapohapo ndipo msomaji wa leo anapoanza kukunja uso. Thompson ni mkali kwa waandishi, mkali kwa polisi, lakini akifika kwa wanawake wanaodai kuumizwa, ukali ule unageuka shaka, na shaka yenyewe inaelekezwa kwao. Halafu inakuja sherehe ya La Honda, kiangazi cha 1965. Thompson ndiye aliyewakutanisha Angels na mwandishi wa riwaya Ken Kesey, na Kesey akawaalika nyumbani kwake msituni. Katika sherehe hiyo mwanamke mmoja anaingiliwa na wanaume mmoja baada ya mwingine. Thompson yupo, anaona, anaandika. Haingilii kati. Tom Wolfe, ambaye hakuwepo, aliomba kanda za Thompson na kuutumia usiku uleule katika kitabu chake cha 1968, “The Electric Kool-Aid Acid Test”. Usiku mmoja, vitabu viwili mashuhuri, na mwanamke huyo hana sauti katika chochote kati ya hivyo. Kikundi kinachosoma kurasa hizi kwa uaminifu hakitamaliza ajenda yake kwa saa mbili.

Malipo ya Thompson mwenyewe yako mwishoni mwa kitabu. Mwanzoni mwa Septemba 1966 Angels wanne au watano walimpiga vibaya, wakiona anatajirika kwa migongo yao. Ni mwisho mzuri mno kwa mwandishi. Kitabu kinafungwa kwa damu yake mwenyewe. Ralph “Sonny” Barger, rais wa tawi la Oakland aliyefanywa na kitabu hicho kuwa mhuni maarufu kuliko wote Marekani, alikuwa na maoni tofauti. Katika tawasifu yake ya mwaka 2000, “Hell’s Angel”, aliyoiandika pamoja na ndugu pacha Keith na Kent Zimmerman, anamweleza Thompson kama mwoga aliyejifanya jasiri.

Tawasifu hiyo ya Barger inauzika, na inasomeka kwa jioni mbili. Kasoro yake ni kwamba imeandikwa na mtu aliyeshakaa kwenye mahojiano maisha yake yote. Chukua Altamont. Desemba 6, 1969, Hells Angels walisimama kulinda jukwaa la tamasha la bure la Rolling Stones kaskazini mwa California. Kijana mweusi wa miaka 18, Meredith Hunter, alitoa bastola karibu na jukwaa. Angel aitwaye Alan Passaro akamchoma kisu, na kijana akafa. Mahakama ilimwachia Passaro kwa hoja ya kujihami, na tukio zima linaonekana katika filamu ya “Gimme Shelter” ya mwaka 1970. Kwa Barger, lawama ni za wanamuziki waliochelewa kupanda jukwaani na watu waliochezea pikipiki zisizo zao. Kama hati ya utetezi, imekamilika. Kikundi kikikisoma kitabu hiki peke yake, kitakuwa kimekaa kama baraza la mahakama lililosikia upande mmoja.

Upande wa pili, wengi hudhani, ni vitabu vya askari kanzu. Kuna viwili vinavyojulikana zaidi. William Queen, ofisa wa ATF, shirika la serikali kuu linaloshughulikia silaha, baruti, pombe na tumbaku, aliishi miaka miwili na zaidi ndani ya Mongols wa Los Angeles kwa jina la Billy St. John, akapewa nembo kamili, akawa hata mweka hazina wa tawi. Kitabu chake, “Under and Alone”, kilitoka mwaka 2005. Mwenzake wa shirika hilohilo, Jay Dobyns, aliingia kwa Hells Angels wa Arizona na kuandika “No Angel”, 2009. Dobyns na wenzake walifikia hatua ya kuigiza mauaji: walimlaza polisi mwenzao shimoni, wakampaka damu na kumpiga picha, ili Angels waamini kwamba wamemuua mwanachama wa Mongols. Picha zikaaminiwa. Kesi iliyofuata, hata hivyo, ilisambaratika kwa mivutano ya upande wa serikali yenyewe.

Vitabu hivi vinakwenda kasi, na kasi ndiyo kasoro yake mezani. Msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba askari atapona, kwani ndiye anayesimulia. Kinachobaki ni kumhofia, na hofu haizungumzwi kwa muda mrefu. Ukurasa mmoja tu wa Queen unastahili jioni nzima. Mama yake alifariki wakati Queen yuko kazini. Anasimulia kwamba maofisa wenzake hawakuwa na la kumwambia, ilhali Mongols, wale waliokuwa wakiandaliwa pingu, walimkumbatia mmoja mmoja na kumpa pole. Kisha akaendelea kukusanya ushahidi dhidi yao.

Aliyeingia kwa ridhaa ni Daniel Wolf, mwanaanthropolojia wa Kanada. Alikuwa na Harley yake, akazoeana na klabu ya Rebels ya Edmonton, jimboni Alberta, na baadaye akaomba ruhusa ya kuwaandika. Wakakubali. Kitabu chake, “The Rebels”, kilichapishwa na Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1991, na ndicho kinachoeleza vizuri kuliko vyote kwa nini mtu mzima mwenye kazi yake aamue kupitia unyonge wa uanagenzi. Wahuni wa Wolf ni mafundi na vibarua. Wana vikao vya kila wiki, ada, faini, na mabishano ya muda mrefu kuhusu nani anunue vipuri. Msomaji wa Morogoro au Kisumu, ambaye kwake pikipiki ni bodaboda, yaani kazi yenyewe, atasita hapa: watu wa Wolf wanapanda pikipiki ili wasahau kazi. Tatizo la kitabu ni umri wake. Wolf alikaa na Rebels miaka ya 1970, klabu bado ya mtaa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 Hells Angels walikuwa wameingia Alberta na kuanza kuzimeza klabu za huko.

Na kuna jambo ambalo Wolf hawezi kumwandaa msomaji kulipokea, nalo ni Quebec. Kuanzia 1994 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, Hells Angels na mahasimu wao, Rock Machine, walipigania soko la dawa za kulevya jimboni humo, na watu zaidi ya 150 waliuawa. Agosti 1995 bomu lililotegwa katika gari mjini Montreal lilimuua Daniel Desrochers, mtoto wa miaka 11 aliyekuwa akicheza karibu. Kifo hicho kiliisukuma Kanada kutunga sheria ya magenge mwaka 1997. Septemba 2000 mwandishi Michel Auger wa “Le Journal de Montréal” alipigwa risasi za mgongoni kwenye maegesho ya gazeti lake, akapiga simu ya dharura mwenyewe, akapona. Waandishi Julian Sher na William Marsden waliyakusanya haya katika “The Road to Hell”, 2003. Si kitabu cha kufurahia. Majina ni mengi, mauaji yanafuatana mpaka yanachanganyika, na baada ya sura kadhaa kikundi kitaanza kulalamika. Hata hivyo, mwenye zamu na akisome yeye, ili mtu atakapoanza kusifu udugu wa barabarani awe na jina la Desrochers mdomoni.

Rafu hii pia ina watu ambao maduka ya vitabu huwasahau. Danny Lyon alikuwa mpiga picha wa SNCC, jumuiya ya vijana waliopigania haki za Wamarekani weusi kusini mwa nchi. Kati ya 1963 na 1967 alikuwa akipiga picha za klabu ya Outlaws ya Chicago, akiwa na Triumph yake na kinasa sauti kizito. Thompson alimwandikia kumwonya asijiunge nao. Lyon akajiunga. Kitabu chake, “The Bikeriders”, kilitoka mwaka 1968: picha nyeusi na nyeupe, na maneno ya wanachama na wake zao yalivyotoka midomoni mwao. Filamu ya Jeff Nichols yenye jina hilo, iliyoingia kumbi za Marekani mwaka 2024, inamtegemea sana mwanamke mmoja, Kathy, ambaye ndiye anayesimulia. Hakuna kitabu kingine cha enzi ile ambamo mwanamke anapewa nafasi ya kuwacheka wanaume hawa kwa raha kiasi hicho.

Mwaka 1964, huko Cambridge, Maryland, Lyon alipiga picha ya mwanaharakati mwenzake akivutwa huku na huku na askari wa jeshi la akiba. Kijana huyo mweusi ni Cliff Vaughs. Miaka michache baadaye Vaughs, pamoja na fundi Ben Hardy wa Los Angeles, ndiye aliyezisimamia na kuzijenga pikipiki za filamu ya “Easy Rider” ya mwaka 1969, ile Harley yenye tangi la bendera ya Marekani na uma mrefu wa mbele. Ndiyo pikipiki maarufu kuliko zote katika sinema, na kwa miongo mingi watu waliitazama bila kujua kwamba imetoka mikononi mwa watu weusi. Katika filamu yenyewe hawaonekani.

Ukiijua habari hiyo, “Soul on Bikes” hakisomeki tena kama kitabu cha pembeni. Ni simulizi ya Tobie Gene Levingston, mtoto wa wakulima wa Louisiana waliolima mashamba ya wengine kwa mgawo wa mazao. Alihamia Oakland, na mwaka 1959 akaanzisha klabu ya weusi watupu, East Bay Dragons. Kitabu kilitoka mwaka 2003, na waliomsaidia kukiandika ni walewale pacha wa Zimmerman waliomwandikia Barger. Mji ni uleule wa Oakland, miaka ni ileile, Harley ni zilezile, hata kalamu ni ileile. Ila polisi akiwasimamisha Dragons barabarani, anachokiona kwanza si kizibao. Hells Angels walijitoa wenyewe katika jamii iliyokuwa tayari kuwapokea. Dragons waliitwa wahuni kabla hawajapanda pikipiki, katika mji ambako mwaka 1966 kilizaliwa chama cha Black Panther. Levingston anaeleza haya bila kuhutubu, kati ya hadithi za dansi, za kukata na kuchomelea fremu, na za mama aliyewaruhusu wanawe wawe na klabu ili wasipotelee mtaani.

Kwa kikundi kitakachosoma kitabu kimoja tu, basi ni cha Thompson. Uandishi wake bado unawaka baada ya zaidi ya nusu karne, na makosa yake ni ya kujadilika kuliko mema ya wengine. Mwenye zamu awaambie wenzake mapema kuhusu kurasa za La Honda. Kuna watakaotaka kujiandaa, na kuna watakaoamua kuziruka, nao wasidaiwe maelezo. Tawasifu ya Barger haina haja ya kusomwa nzima: atafute pale anapomtaja Thompson na sura ya Altamont, azisome kwa sauti mwanzoni mwa kikao, watu wakiwa bado wanaketi.

Kikundi chenye subira ya mwezi wa pili kichukue “Soul on Bikes”, kisome kikiwa na Thompson bado kichwani. “The Bikeriders” hakihitaji mwezi wake. Kinafunguliwa mezani kipitishwe mkono kwa mkono, na kila mtu ataje picha ambayo Thompson angeiandika vibaya. Wolf apewe yule mwanachama ambaye huja na penseli. Queen na Dobyns wana kazi nzuri sana ya kufanya kwenye basi la usiku.